Methali ni hoja, si hukumu: tuzijadili na wenyewe, lugha yao na aliyeambiwa

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Asiye na nafasi sasa auhifadhi, arudi jioni akiwa ametulia.

Kwenye magrupu yetu kila wiki inazunguka orodha ya "methali za Kiafrika", yenye picha ya mbuyu na jua linalozama. Humo hutakosa ile ya "ukitaka kwenda haraka nenda peke yako, ukitaka kufika mbali nenda na wenzako". Uliza ni ya watu gani, wenyewe wanaisemaje kwa lugha yao, inasemwa wakati gani: kimya. Bara hili lina lugha zinazofika 2,000, na kila moja ina watu wenye shamba lao, bahari yao au mifugo yao, na ugomvi wao. Methali isiyo na wenyewe haituonyeshi maadili ya mtu yeyote.

Hilo naona ni dogo. Linaloniuma ni namna tunavyozitumia hata zile zenye wenyewe. Kijana akihoji jambo kwenye kikao cha ukoo, mtu mzima mmoja anakohoa, anasema "wahenga walisema", anashusha methali kama rungu, na kikao kimekwisha. Siamini kwamba wahenga walizitunga kwa kazi hiyo. Methali ilikuwa hoja inayoletwa barazani, na aliyeileta alijua kuna mwenzake ana nyingine ya kumjibu.

Ndiyo maana tunazo "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo", na juu yake "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Watu husema wahenga walijichanganya. Hawakujichanganya hata kidogo. Ya kwanza anaambiwa kijana anayetaka kupeleka posa kwa binti aliyemfahamu juzi. Ya mwisho anaambiwa yule aliyechumbia, akanyamaza, huku wazazi wa binti wanazeeka wakisubiri. Thamani haikai kwenye maneno peke yake. Inakaa kwenye nani kamwambia nani, na lini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwa Waanang wa kusini mashariki mwa Nigeria. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, John Messenger, aliishi kwao mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1959 akachapisha alichokiona kwenye mabaraza yao ya kesi. Mtu mmoja aliyejulikana kwa wizi alishtakiwa tena. Mlalamikaji akasimama na methali: mbwa anayeng'oa chikichi kwenye shada lake haogopi nungunungu. Shada la chikichi lina miiba mikali, kwa hiyo aliyethubutu lile hashindwi na hili. Mtu aliyeiba jana ataiba leo. Baraza likaelemea upande wake. Mshtakiwa naye akajibu kwa yake: kwale mmoja akipita porini haachi njia. Kwale huenda kwa makundi, na kundi likipita nyasi hulala, njia ikaonekana. Yeye alikuwa kwale mmoja, hana wa kumtetea, na aliwaomba wazee wamhukumu kwa ushahidi wa kesi ile, si kwa jina alilokuwa nalo mtaani. Akaachiwa.

Tazameni vizuri kilichotokea. Watu wale waliamini kwamba tabia ya mtu ni ushahidi. Wakaamini pia kwamba mpweke asionewe. Thamani zote mbili zilikuwa zao, zote zilikuwa na methali, na kazi ya baraza ilikuwa kupima ipi ina uzito siku ile, kwa mtu yule. Nisingeweza kulijua hilo kwa kusoma orodha.

Sasa chukueni habari ya mgeni. Sisi tunasema "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe". Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza msingi wa Ujamaa, na akaongeza kwamba huenda mgeni mwenyewe angeliomba jembe kabla ya kupewa, maana angeona haya kukaa bure. Ulaya nao wana siku tatu zao: mgeni na samaki hunuka baada ya siku tatu. Benjamin Franklin aliichapa kwenye almanaka yake Marekani karne ya 18, lakini huko Ulaya methali hiyo ilikuwa ya zamani tayari. Na kwa Waislamu, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kumkirimu mgeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka.

Siku ni zile zile. Mmoja anamchoka mgeni, mmoja anaandikiwa thawabu, mmoja anampeleka shambani. Na mimi naona hiyo ya jembe inasemwa vibaya siku hizi, kama njia ya kumfukuza mtu kwa adabu. Kwa mkulima, anayelima nawe si mgeni tena. Jembe linamtoa ukumbini na kumwingiza ndani ya familia. Waswahili hao hao wakaweka na "Mgeni njoo, mwenyeji apone", kwa sababu walijua kwamba mgeni huja na habari, huja na riziki, na siku aliyofika hata watoto wa nyumba hula vizuri.

Naomba tuchangie hivi: andika methali kwa lugha ya wenyewe, useme ni ya watu gani, kisha useme nani humwambia nani.

#2 Mdau wa Bukoba

Asante kwa uzi mkuu. Naanza na malezi.

"Kumlea mtoto kunahitaji kijiji kizima" imeenea dunia nzima, hasa baada ya Hillary Clinton kuifanya jina la kitabu chake mwaka 1996. Kila mtu anaiita methali ya Kiafrika. Kwetu Kihaya ipo iliyo jirani nayo: "Omwana taba womoi", mtoto hawi wa mmoja. Waswahili mnayo "Mkono mmoja haulei mwana".

Lakini nani humwambia nani? Ile ya Marekani inaambiwa serikali na jamii: wasaidieni wazazi. Ya kwetu niliisikia ikiambiwa mzazi. Alikuwa ameenda kumgombeza jirani kwa sababu jirani alimwonya mwanae aliyekuwa anarusha mawe kwenye migomba ya watu. Mzee mmoja akamwambia mzazi yule, mtoto hawi wa mmoja. Maana yake: jirani amefanya wajibu wake, na kesho mwanao akiwa na njaa na wewe hupo, jirani huyo huyo atamlisha. Haki ya kumwonya na wajibu wa kumlisha vilikuwa vinakwenda pamoja.

Leo tunaupenda upande wa kusaidiwa. Upande wa jirani kumwonya mwanao hatuutaki, na pengine tuna sababu, maana si kila jirani wa leo tunamjua. Ila tusiitaje nusu halafu tukajisifu kwamba tunafuata mila.

#3 Mdau wa Bujumbura

Mleta uzi, umeandika vizuri lakini sikubaliani na kichwa cha habari.

Ukisema methali ni hoja tu, unaipunguzia uzito. Kwetu Burundi tunao bashingantahe, watu wazima waliotawazwa mbele ya jamii na kuapa kusema kweli na kusuluhisha kwa haki. Mmoja wao anaposema methali, nyuma yake kuna kiapo na maisha yake yote. Si sawa na mimi na wewe kurushiana maneno kwenye simu. Waswahili wenyewe mmesema "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Mkisema kila methali ina mpinzani wake, kijana atachagua inayomfurahisha.

Nikichangia kwa masharti yako: "Ubugirigiri bugira babiri". Ni Kirundi. Kusaidiana kunataka wawili. Ndugu zetu Wanyarwanda wanasema "Akebo kajya iwa Mugarura", kikapu huenda kwa yule anayekirudisha. Hapa anaambiwa mtu anayepokea kila siku na mkono wake hauonekani ukitoa. Haambiwi fukara. Fukara anapewa bila kuhesabiwa. Anaambiwa mwenye uwezo aliyejifanya mgeni kwenye shida za wenzake: msiba hayupo, harusi hayupo, akiuguliwa yeye anataka mtaa mzima ujae kwake. Hiyo kwetu si hoja ya kujibiwa. Ni hukumu, na aliyehukumiwa huinamisha kichwa.

#4 Mama wa Tanga

Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote na nimefurahi kuona vijana mnaongea mambo ya maana.

Nataka kusema moja. Hao wahenga mnaowataja, wengi wenu mnawaona wanaume wamekaa barazani na bakora zao. Na ni kweli, methali nyingi zilizoandikwa vitabuni ni za baraza. Ndizo zilizosema "Mke ni nguo, mgomba kupalilia". Si mbaya ukiielewa, inamwambia mume amtunze mkewe. Lakini sikiliza inavyokwenda: yeye ndiye anayeambiwa, mimi ndiye ninayesemwa.

Sisi tulikuwa ndani, wanangu, na hatukuwa kimya. Tulisema kwa kanga. Tangu enzi za chapa ya Mali ya Abdulla kutoka Mombasa, mwanamke wa pwani hanunui kanga kwa rangi. Anasoma jina kwanza. "Hasidi hana sababu." "Usisafirie nyota ya mwenzio." "Japo sipati tamaa sikati." Unaichagua, unaiweka sandukuni, siku yake ikifika unaivaa.

Wifi yako amekusema vibaya kwa mama mkwe, huendi kumgombeza. Unamkaribisha, unampikia, unampa maji ya kunawa, na kanga yako imeandikwa. Atasoma. Akiondoka kimyakimya umemfikishia. Akirudi wiki ijayo na kanga yake yenye jibu, basi mmeanza mazungumzo, na mara nyingi yanaishia kwa kucheka wote wawili. Hakuna aliyetukanwa, hakuna wa kupelekwa kwa wazee. Mleta uzi anasema methali hujibiwa. Sisi tumejibizana miaka yote hiyo bila kufungua mdomo.

Na ukimpenda mtu unampa doti nzima yenye maneno mema. Mtoto akizaliwa, mwari akitolewa, msiba ukitokea, kila jambo lina kanga yake. Kumpa mtu kanga bila kusoma ilichoandikwa ni kutokujua unachofanya.

#5 Mleta uzi

Shikamoo mama. Umetufungua macho, na naomba nikuongezee ndugu zako wa mbali.

Karibu na mlango wa mto Congo, upande wa Cabinda, wanaishi Wawoyo. Kwao mwanamke alikuwa na vifuniko vya vyungu vilivyochongwa kwa mti, na juu yake sanamu ndogo ndogo: ndege, chungu, mtu amelala, ganda la konokono. Kila sanamu ilibeba methali. Binti aliolewa akiwa na vifuniko alivyopewa kwao, na vingine angeweza kuchongesha baadaye kwa kadiri ya yaliyomkuta. Mume hula na wanaume wenzake. Siku mke akiwa na dukuduku alifunika chakula kwa kifuniko kinachosema dukuduku hilo na kukipeleka mbele yao. Wenzake wanaona, wanasoma, na mume hana pa kukimbilia: lazima lizungumzwe pale pale, chakula kikiwa mbele. Mwanamke yule hakuwa na kiti barazani, lakini ajenda ya baraza aliipanga yeye kutoka jikoni.

Kwa nini hizi hatuzioni kwenye mikusanyo? Kwa sababu wakusanyaji wa mwanzo, wamisionari na maofisa wa kikoloni, waliuliza wanaume. Mtafiti wa Kiholanzi, Mineke Schipper, alikusanya methali zaidi ya 15,000 kuhusu wanawake kutoka pembe zote za dunia. Moja ya Wasena wa Msumbiji na Malawi inamwonya mwanamume asioe mwanamke mwenye miguu mikubwa kuliko yake. Miguu hapo ni uwezo, akili, sauti. Na aliona hofu hiyo hiyo ikijirudia Asia, Ulaya na Amerika. Hili lazima tulikubali kwa macho makavu: methali zimebeba utu wetu, na zimebeba pia woga wa waliokuwa na nafasi ya kusema. Anayetaka turudie zote kama zilivyo ajiulize mabinti zake watakaa wapi.

Lakini hata ndani ya methali za baraza mama hakufutika. Wasotho na Watswana wanasema "Mmangwana o tshwara thipa ka fa bogaleng", mama wa mtoto hushika kisu kwenye makali. Sijaona mahali popote ujasiri uliosemwa kwa nguvu namna hii. Wangeweza kumpa shujaa wa vita. Wakampa mama.

Ndugu wa Bujumbura, nimekuelewa kuhusu uzito. Hata hivyo ulichokieleza kinanipa nguvu. Mshingantahe hakai peke yake. Wanakaa wengi, wanasikiliza pande zote mbili, wanashauriana, ndipo uamuzi unatoka. Methali ya mzee aliyepitia hayo ina uzito kwa sababu imesikiliza kwanza. Ninayempinga ni yule anayeanza na methali ili asisikilize. Na kuhusu akebo, nakubali kabisa: mwenye uwezo asiyerudisha kikapu ainamishe kichwa.

#6 Mdau aliyeko Gaborone

Nimeishi huku Botswana muda sasa, na huu uzi umenigusa kwa sababu huku methali iko ndani ya siasa.

Mkutano wa jadi unaitwa kgotla. Watu wanakaa, jambo linawekwa, kila mwenye la kusema anasema, na kgosi, yaani chifu, husema mwisho. Methali inayolinda utaratibu huo ni "Mmualebe o bua la gagwe". Hata anayesema vibaya ana haki ya kusema lake. Nani humwambia nani? Mkutano humwambia yule anayetaka kumkatiza mwenzake. Na wanaisema kwa mtu anayechosha kweli kweli, ndipo uzuri wake unapoonekana, maana kumvumilia anayesema vizuri hakuhitaji methali. Na kgosi naye ana yake: "Kgosi ke kgosi ka morafe", chifu ni chifu kwa watu wake.

Namuunga mkono mama wa Tanga hata hivyo. Zamani kgotla ilikuwa ya wanaume, mwanamke hakuinuka akasema kama wao. Methali ilisema kila mtu, desturi ikasema kila mwanamume. Leo wanawake wapo na wanaongea, na wanaitumia methali ile ile kudai nafasi. Methali ilikuwa kubwa kuliko waliokuwa wanaitumia.

Jirani hapo Afrika Kusini, methali ilifika Mahakama ya Katiba. Katiba ya mpito ya 1993 ilisema nchi inahitaji ubuntu, yaani utu, si kuonea watu. Mwezi Juni 1995, katika kesi ya Makwanyane, mahakama ikafuta adhabu ya kifo, na Jaji Yvonne Mokgoro katika maoni yake akaileta "Umuntu ngumuntu ngabantu", mtu ni mtu kwa watu. Fikirieni uzito wa siku ile. Walioshtakiwa walikuwa wameua. Hoja ilikuwa kwamba hata aliyeua hajatoka kwenye utu, na dola ikimuua inapunguza utu wa wote waliobaki. Sisi tuna "Mtu ni watu", tunaisema msibani na kwenye michango ya harusi. Wenzetu waliibeba hadi mahali palipokuwa pagumu kuliko pote.

Wapo huko wanaolalamika kwamba ubuntu umetumika kuwaambia waliodhulumiwa wasamehe haraka huku waliodhulumu wakibaki na mali. Malalamiko yao ni ya kweli na siwezi kuyapita. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Msamaha usiorudisha haki unamrudisha mnyonge pale pale.

#7 Mdau wa Nakuru

Mnisamehe nikiwa mfupi. Wagikuyu: "Kamũingĩ koyaga ndĩrĩ", kakundi kadogo huinua kinu. Anaambiwa mtu anayesubiri watu wawe wengi ndipo aanze kazi. Si wito wa umati. Wachache waliokubaliana wanatosha.

Waluo: "Alot michayo ema tieko kuon", mboga unayoidharau ndiyo inayokumalizia ugali. Anaambiwa anayemdharau mtu mdogo, mfanyakazi wa nyumbani, mkwe maskini. Hii nimeona ikimnyamazisha tajiri mbele ya watu wake.

#8 Mdau aliyeko Minnesota

Salaam kutoka huku baridini. Mimi nimekwama katikati ya methali mbili na naomba ushauri wa walezi wenzangu.

Wamarekani wanasema gurudumu linalolia ndilo hupakwa grisi. Shuleni mwanangu anaambiwa ainue mkono, atetee hoja yake, amwangalie mwalimu machoni. Nyumbani namfundisha kuamkia, kusubiri wakubwa wamalize. Mzazi mwenzangu wa Kijapani akaniambia kwao ni kinyume kabisa, "Deru kugi wa utareru", msumari unaojitokeza hugongwa nyundo. Tukatazamana, wote tuna shida moja.

Nimeona kila moja ina ukweli wake mahali pake. Huku hospitalini au ofisini ukinyamaza hupati huduma, na nimeona wazee wetu wakiumia kimya kwa adabu. Lakini mtoto akimaliza kila jambo kwa kulia kama gurudumu, ndugu zake watamkimbia. Sasa namfundisha mwanangu zote mbili, na namwambia kila moja inatumika wapi. Kumbe nilikuwa nafanya anachosema mleta uzi.

#9 Kijana wa Dar

Wakubwa shikamooni. Mimi nimeajiriwa karibuni, sehemu sitaitaja. Nina swali zito.

Mjomba wangu ndiye aliyenisomesha, namheshimu sana. Tangu nianze kazi kila tukikutana ananiambia "Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake". Anamaanisha nilipo nipatumie, nisijifanye mtakatifu. Na ofisini kuna mkubwa mmoja anapenda "Penye udhia penyeza rupia" na "Mkono mtupu haulambwi". Wote wanasema ni hekima ya wahenga. Kama wahenga walisema hivyo, mimi nani nikatae? Na nikikataa, namjibuje mjomba bila kumvunjia heshima?

#10 Mleta uzi

Mdogo wangu, marahaba. Umeuliza swali ambalo uzi wote ulikuwa unalitafuta.

Hiyo ya mbuzi si yetu peke yetu. Kameruni wanasema mbuzi hula pale alipofungwa, na kule imekuwa msemo maarufu wa wenye vyeo wanaokula ofisi zao, hadi wasomi wa siasa za Afrika wakaiandika kama picha ya utawala wa tumbo. Nchi mbili, bahari mbili tofauti, methali moja, na imeharibiwa kwa njia moja.

Rudi kwa mfugaji. Mbuzi anafungwa kamba kwa nini? Ili asiingie shamba la watu. Kamba ni mpaka. Anayeambiwa methali hii kwa haki ni yule anayeishi kupita uwezo wake: mshahara wa kiasi hiki, anakopa ili aonekane wa kiasi kile. Anaambiwa, kula kwa urefu wa kamba yako, yaani ridhika na kilicho chako. Mjomba ameigeuza. Amekifanya cheo kuwa kamba, na shamba la umma kuwa malisho. Wahenga hawakukuagiza uibe.

Hizo mbili nyingine ni kweli zipo, na sitazisafisha. Mimi nazisikia kama maneno ya watu waliokuwa chini ya wakubwa waliokula rushwa, wakajua haki haitoki bure. Ni ushuhuda wa dhuluma iliyowapata. Mkubwa wako wa ofisini anayataja maneno ya aliyekamuliwa huku yeye ndiye anayekamua. Ndiyo maana nikasema tangu juu, uliza nani anamwambia nani.

Kuhusu kumjibu mjomba, Wayoruba wana adabu nzuri. Wao wanasema "Òwe lẹṣin ọ̀rọ̀", methali ni farasi wa maneno. Neno likipotea, kwa methali hulitafuta. Lakini kijana hapandi farasi huyo mbele ya wakubwa bila ruhusa. Akitaka kutumia methali mbele yao, huomba radhi, na wakubwa humjibu kwa dua, aishi azidi kuzisema nyingine. Kijana anaruhusiwa kabisa kusema hata ile inayompinga mkubwa. Kinachotakiwa ni aombe njia kwanza.

Kwa hiyo siku mtakayokaa vizuri, mmeshakula, mwambie: "Mjomba, kwa ruhusa yako, na mimi nina moja." Akikuruhusu, muulize huyo mbuzi alifungwa kamba ili asile shamba la nani. Kisha mwambie "Tamaa mbele, mauti nyuma", na umwambie waziwazi kwamba hukutaka elimu aliyokulipia iishie mahakamani. Usiseme mbele ya watoto wake. Na akikujibu kwa nyingine, maana najua wajomba, usikate tamaa. Njoo uiandike hapa, mama wa Tanga yupo, ndugu wa Bujumbura yupo, tutatafuta ya kumjibu.